Aliyeikunja Parachuti

3 Februari

Shemeji Waya,

Salamu nimekutumia mara tatu kwa midomo ya watu, na mara zote tatu zimerudi kama zilivyokwenda. Safari hii naziandika, tuone kama na karatasi utaikimbia. Miaka miwili, shemeji! Namba ya simu umebadili, na anwani hii nimeipata kwa kumbembeleza yule binamu yenu mpaka nikaona aibu. Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa. Jina lako halitamki. Mtu akilitaja anaomba maji ya kunywa, hata kama ametoka kunywa sasa hivi.

Sikuandikii ugomvi. Chama cha roketi kimeamua kurusha tena, mara ya kwanza tangu siku ile roketi iliposhuka bila parachuti kubwa kufunguka ikamwangukia kaka yako. Wanataka kuirusha Pacha, ile ya pili aliyoiacha imeegemea ukuta wa stoo bila rangi. Kwa kumbukumbu yake, ndivyo anavyosema Mwenyekiti, na parachuti wanataka nishone mimi kama zamani. Nimekubali kwa kuwa sikupata sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka mbele za watu. Ila nimeweka sharti: mpango mzima wa kutoa parachuti uchorwe upya, na mchoraji uwe wewe. Walinong'ona. Nikasema anayejua kuliko Waya na asimame, na wote wakaendelea kukaa.

Jingine. Mbea yuko kwangu. Unakumbuka mlivyokibatiza jina hilo kile kifaa cha kupima kimo, kwa kuwa kila kilichokiona huko juu kilikuja kukitangaza chini? Nilikiokota siku ile, na sasa kinakaa kwenye chumba changu cha kushonea, ndani ya kopo la vifungo. Betri ikiisha namwekea nyingine, naye anaanza: pii moja, anapumzika, pii nne, anapumzika, pii sita, anapumzika, pii mbili. Mita elfu moja mia nne sitini na mbili. Hilo ndilo neno la mwisho la mume wangu, mimi naliona hivyo. Mama akilisikia kutoka chumbani kwake husema, "Mwanangu anahesabu." Sijawahi kumkatalia.

Sasa Mwenyekiti anamtaka. Kuna wanachama wapya wenye kompyuta, wanajua kuisoma kumbukumbu yake yote sekunde kwa sekunde. Nimewaambia sikumbuki nilikomweka.

Nijibu, hata kwa matusi.

Shemeji yako,
Sindano


20 Februari

Shemeji Sindano,

Matusi sina. Barua yako ilikaa juu ya meza yangu ya kazi siku nne nikiizungukazunguka kama mbwa anayezunguka chungu cha moto. Hapa natengeneza mashine za hospitali, na karibu zote zinalia. Ikilia moja, nahesabu. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza juzi kama nasali, nikamjibu ndiyo.

Naanza na Mbea. Mtoe betri, mfunge kwenye kitambaa, umtume kwangu. Usimpe Mwenyekiti. Mimi ndiye niliyemfunga zile nyaya, na siku ile nilisema mbele ya wote kwamba waya wangu ulichomoka na baruti ya parachuti kubwa haikuwaka. Sina kauli nyingine. Nao wana haja gani ya kunichimba zaidi?

Sasa mpango. Roketi ikifika kileleni, baruti ya kwanza inasukuma nje parachuti ndogo, ile ya kupunguza kasi tu. Zikibaki mita mia tatu, baruti ya pili inasukuma parachuti kubwa. Huo hatutaubadili. Tutakachobadili ni kwamba kila kitu kiwe viwili, na viwili hivyo visijuane: vifaa viwili vya kupima kimo, betri mbili, swichi mbili, na baruti mbili kwa kila parachuti. Cha pili kichelewe kidogo nyuma ya mwenzake, ili kikikuta kazi imekwisha kisilete fujo. Matundu ya hewa ya chumba cha vifaa asiyapake mtu rangi wala asiyabandike utepe akayasahau, kwa maana kifaa kinajua kimo kwa kuisikiliza hewa, na ukikiziba ni kama umemtia mtu pamba masikioni. Betri zifungwe kwa kamba na skrubu. Gundi peke yake msiiamini. Kisha mfanye jaribio chini. Roketi ilale, watu wakae mbali, baruti iwashwe, kichwa kitoke na parachuti ifuate. Mara kumi. Ikigoma hata mara moja, hamrushi, hata kama mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti chake.

Mama anatembea? Anakula vizuri?

Shemeji yako,
Waya


2 Machi

Shemeji,

Mama anakula, na anachagua. Anatembea akinishika bega hadi bafuni, na njia nzima ananisema jinsi nilivyokonda. Wiki jana alikuja muuguzi mgeni kumpima, akamwuliza ana watoto wangapi. Akasema, "Nilizaa mmoja, akafa. Huyu hapa ndiye niliyeachiwa." Akanipapasa mkono. Muuguzi akaandika. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba, maji yakatiririka nami nimesimama tu.

Mpango wako nimewasomea. Wameupenda, hata yule anayejifanya mhandisi. Lakini mimi nina swali la fundi cherehani. Umeniandikia waya, betri na matundu. Je, ikiwa baruti zote zimewaka, na parachuti imetoka kama ilivyopangwa, halafu yenyewe ikakataa kufunguka? Hapo Waya ana dawa gani?

Mbea simtumi kwanza. Utanicheka, lakini mchana cherehani ikisimama nyumba hii inakuwa kimya vibaya sana, na ninahisi kuna mtu nyuma ya pazia anayesubiri niseme kitu. Mbea akipiga hesabu yake, huyo mtu anatulia. Usimwambie yeyote, wataniona nimechanganyikiwa.

Sindano


15 Machi

Shemeji Sindano,

Swali lako nimelijibu kwa mchoro, uko nyuma ya barua hii. Ni mfuko. Ushone wa kitambaa kile kisichoshika moto, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Parachuti kubwa inakaa ndani imekunjwa kwa mkunjo wa kinanda cha mkono, tabaka mbele, tabaka nyuma. Kamba zake hazifungwi kwa chochote. Zinapita kwenye vitanzi ulivyovishona ubavuni mwa mfuko, huku na huku kama kamba za viatu. Mfuko unavutwa na parachuti ndogo. Kamba zinanyooka kwanza, zinachomoka zenyewe kwenye vitanzi, ndipo kitambaa kinatoka. Hakuna cha mtu kukumbuka kukitoa. Tazama nilipopiga mstari mara mbili: USIFUNGE KITU CHOCHOTE.

Mbea mtume, shemeji. Ninakuomba kama ambavyo kaka angekuomba. Wakija na kompyuta zao nyumbani utawazuia kwa mlango upi? Huyo mtu wa nyuma ya pazia namjua. Hata huku yupo, husimama nyuma ya rafu ya vipuri, na hajawahi kunidhuru.

Waya


30 Machi

Shemeji,

Nimemtuma leo, ndani ya soksi ya kaka yako. Mwenyekiti alikuwa amekaa sebuleni nilipotoka kwenda posta, nikamwambia nakwenda kununua uzi.

Sindano


12 Aprili

Shemeji, umempata? Nijulishe basi. Siku ya tatu baada ya Mbea kuondoka, Mama aliinua kichwa akisema, "Mwanangu anahesabu." Nikamwambia hapana Mama, leo hakuna kitu. Akaniambia nyamaza usikilize. Nikasikiliza. Nikasikia moja, nne, sita, mbili, wazi kama ninavyokuandikia, na kopo la vifungo nilikuwa nimelishika mkononi, tupu.

S.


25 Aprili

Shemeji,

Nilimpata, samahani kwa kuchelewa. Nimemsoma. Ni kama nilivyosema tangu siku ya kwanza. Parachuti ndogo ilitoka vizuri kileleni. Kwenye mita mia tatu Mbea alitoa amri, umeme haukupita, baruti ya pili haikuwaka. Waya ulichomoka. Kosa ni langu, halina mshirika. Nimemwandikia Mwenyekiti kwa mkono wangu, atawasomea wote kikaoni.

Basi limekwisha hilo. Shona mfuko, Pacha iruke, na ukae kwa amani na Mama.

Waya


2 Mei

Shemeji,

Umenidanganya, na hujui kudanganya. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni.

Sasa nisikilize mimi. Unaujua utaratibu wetu. Mimi hukunja parachuti nyumbani, nikaifunga kwa mpira mmoja, ile mipira midogo ya kubania karatasi, isije ikafumuka njiani. Kaka yako ndiye aliyeipakia ndani ya roketi. Kabla ya kuipakia huvua ule mpira, huuvaa mkononi, na kupaza sauti, "Mmoja!" Nami nikiwa popote pale uwanjani hujibu, "Mmoja!" Miaka sita tulifanya hivyo, na watu wakituchekea kwamba ndoa yetu inaendeshwa kwa mpira.

Kitambaa cha siku ile kilikuwa kipya na kinateleza. Kila nikikunja kinafumuka. Nikafunga mpira mmoja ndani, kwenye kamba, nikakunja juu yake, nikafunga wa pili nje. Nilisema nitamwambia tukifika. Tulifika, nikakutana na mke wa Mwenyekiti na habari zake za gauni la harusi ya dada yake, apunguze mikono au aiache. Kaka yako akapaza sauti, "Mmoja!" Na mimi, mdomo umejaa pini, nimeshika mkono wa gauni la watu, nikajibu, "Mmoja!"

Baruti iliwaka, shemeji. Niliusikia mlio wake. Nikaona parachuti kubwa inatoka ikiwa fundo, inaning'inia kama nguo iliyokamuliwa. Watu walikuwa wanakimbia bila kutazama juu. Yeye hakukimbia. Alisimama chini yake kivuli cha mkono usoni, akiingoja ifunguke, kwa sababu alijua ni mimi niliyeikunja. Hilo ndilo linalonila. Angekuwa ameikunja mtu mwingine angekimbia.

Nilifika wa kwanza. Nikaukata ule mpira kwa mkasi wangu wa uzi, nikaitandaza ile parachuti nikamfunika nayo. Watu walipofika waliona mke amemfunika mumewe kwa kitambaa walichodhani amekichomoa ndani ya bomba la roketi. Halafu ukasimama wewe ukasema, "Ni waya wangu." Nikadhani unaamini unachosema. Nikanyamaza. Ulipofungasha nikanyamaza, Mama alipokufuta kwenye hesabu ya watoto wake nikanyamaza, na kila siku ananiita wake aliyeachiwa, nami naitika.

Lakini mchoro wako umekufichua. Nimeutazama wiki sita huu mfuko wako usiofungwa kitu chochote. Mtu anayeamini kwamba waya wake ulimwua kaka yake anachora waya. Wewe ulichora dawa ya mpira. Tangu lini unajua?

Sindano


9 Mei

Shemeji yangu,

Tangu siku ile ile. Nilikuwa hatua thelathini nyuma yako, mbio zimenimaliza pumzi. Niliona mkasi. Niliona kitu kidogo kinaruka kwenye majani, nikaenda nikakiokota wakati watu wanalia, kumbe ni mpira uliokatwa. Halafu nikaangalia ndani ya kipande cha bomba, kilikuwa cheusi kwa masizi ya baruti. Nikakitia kwenye begi langu. Niko nacho hapa, chini ya kitanda, na nimehama nyumba tatu nikikihamisha.

Sikufanya hivyo kwa ushujaa, usije ukanipamba. Nilikuangalia pale chini ukimpangusa uso kwa pindo la parachuti, nikafikiri kwamba sisi watatu tumebaki, mimi, wewe na Mama, na mmoja lazima atoke. Mimi ni mwanamume, nina ufundi, naweza kuishi popote penye mashine mbovu. Wewe na Mama mngeishi vipi kwenye nyumba moja na neno hilo katikati yenu?

Mbea alisema kweli tupu. Kwenye mita mia tatu na mbili baruti iliwaka, bila kuchelewa hata kidogo. Nimefuta. Hakuna kompyuta itakayoipata tena. Lakini kuna jambo ambalo nimeshindwa kukuandikia tangu Aprili: sikujua njia ya kufuta hilo nikabakiza lile lingine. Ukimwekea betri sasa anapiga sufuri. Nilikuchukulia hesabu yake, shemeji. Nililia kuliko msibani.

Sasa nakuomba jambo moja tu. Usimwambie Mama. Miaka miwili nimeshazoea. Yeye ana mtoto aliyekufa na mwingine asiyemtaka. Akikupoteza na wewe, atashika bega la nani kwenda bafuni? Na wewe utakwenda wapi? Huna kwenu tena zaidi ya hapo. Acha mambo yakae yalivyokaa. Choma barua hii na zangu zote.

Waya


22 Mei

Shemeji,

Barua sikuchoma. Nimemsomea Mama, zote, yangu ambayo nilibaki na nakala yake na zako, Jumatatu baada ya chai. Nilianza na hiyo yangu ya tarehe mbili Mei ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma.

Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mdomo uliojaa pini alifumba macho. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama wewe ulikuwa unakula vizuri huko, nikamwambia sijui, hujaandika. Akasema, "Mwanangu." Nilidhani anamtaja marehemu. Halafu akalitamka jina lako, shemeji, lote, la kwako na la baba yenu, na hakuomba maji.

Chumba chako kimefunguliwa madirisha. Godoro limeanikwa. Anataka uje Jumamosi, na usipokuja anasema atakuja mwenyewe kwa miguu hiyo hiyo. Mwenyekiti naye nimemwambia, na mke wake alikuwepo. Alilia, yule mama, kwa ajili ya gauni lake. Mfuko nimeushona mpaka kitanzi cha mwisho, lakini nimewaachia wao waamue kama Pacha itaruka na kitu cha mkono wangu. Wajaribu chini mara kumi kama ulivyosema, halafu waamue.

Mimi Mama hajanisemesha. Leo ni siku ya tatu. Chakula changu hakigusi, anachovya mkate kwenye chai anayojitengenezea mwenyewe. Bafuni anakwenda kwa kushika ukuta, nami natembea nyuma yake mikono nimeinyoosha, asije akaanguka, na anajua niko nyuma, na hageuki. Dada yangu amenipigia kuniambia nifungashe kabla sijafukuzwa. Nimemwambia sifungashi. Wewe ulikaa miaka miwili kwenye kimya hiki ambacho hakikuwa chako, mimi siwezi kushindwa siku tatu.

Kwa hiyo njoo, na ukifika usinisemee. Usimwambie ni bahati mbaya, usimwambie namlea vizuri, usipige magoti kwa ajili yangu. Kila asubuhi nabisha hodi mlangoni kwake, naingia, nasema, "Shikamoo, Mama." Nasimama pale nikisubiri marahaba. Leo haikutoka. Nikamfungulia pazia, nikatoka.

Sindano